Mishono Nje, Mfuko Nje

"Fundi, huyo mtoto kavaa gauni ndani nje."

Aliyesema hivyo alikuwa mama mmoja mwenye kapu la nyanya, na alisema kwa nia njema kabisa, kama walivyosema wengine wote. Hakuwa wa kwanza asubuhi ile na wala hakuna aliyetegemea awe wa mwisho.

Kimya aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akatabasamu kidogo, akayashusha tena. Kujibu ilikuwa kazi ya mdogo wake.

"Gauni liko sawa," Bibi Pamba, mtoto mwenyewe mwenye gauni, akasema kutoka kwenye kiti chake chenye mto. "Ni ninyi wengine mliogeuka."

Mama wa nyanya akaguna, akacheka, akaenda zake. Ng'ambo ya njia, Mama Vifungo, ambaye meza yake ilikuwa na vifungo vya kila rangi na mdomo wake maneno ya kila namna, alishika mbavu.

"Jana ulimwambia yule mzee ni fasheni mpya. Leo sisi ndio tumegeuka. Kesho utatuambia nini?"

"Kesho bado, Mama Vifungo. Ngoja nifikirie."

Soko zima lilimjua dada mtu kwa jina la Kimya, kwa sababu aliweza kushona tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama bila kusema zaidi ya "karibu" na "jaribu nione". Mteja akimfokea kwa kosa lisilo lake, anameza, anafumua, anashona upya. Hakuwa na kiburi wala hasira. Sauti yake tu ilikuwa na haya, ikifika kwenye meno inarudi ndani.

Mdogo wake naye aliitwa Bibi Pamba kwa sababu ya pamba na kwa sababu ya ubibi. Pamba, kwa kuwa tangu azaliwe amelazwa juu ya pamba na kufungwa kwa pamba. Ubibi, kwa kuwa alikuwa na amri utadhani nyumba ni yake na ninyi wapangaji.

Ngozi yake haikushikana na mwili kama za watu wengine. Daktari aliwaeleza akiwa bado mchanga: mwili wa mtu hutengeneza kitu kama gundi cha kushikilia ngozi ya juu isiteleze, na huyu alizaliwa na gundi haba. Kikimsugua kitu kidogo tu, panatoka lengelenge, linapasuka, panabaki kidonda. Haiambukizi, hakuna aliyemloga, na haijapatikana dawa ya kuimaliza. Basi kila asubuhi Mama, kabla ya kwenda kwenye kiwanda cha mikate, hukaa kitandani na Kimya, wakayatoboa malengelenge kwa sindano safi, wakapaka mafuta mazito, wakazungusha bendeji laini, huku mwenye mwili akiwasimamia. "Hapo umekaza. Legeza. Hapo sawa. Mama, usipulize, mate yanarukia." Hakuna aliyemwinua kwa kumshika makwapani, unapitisha kiganja chini ya makalio, kingine nyuma ya mgongo, na katikati yenu kitambaa kilichokunjwa.

Halafu kulikuwa na suala la mishono. Mtu wa kawaida hajui hata kama nguo yake ina mishono kwa ndani. Kwa Bibi Pamba ilikuwa msumeno. Kimya, wakati huo bado msichana mdogo, ndiye aliyeligundua hilo, akawa anamgeuzia nguo, ndani ije nje. Mishono ikaacha kumkata. Lakini nguo ikigeuzwa, mfuko na vifungo navyo vinaingia ndani, vikaanza kumla kifuani. Hapo ndipo Kimya alipoomba kufundishwa cherehani, na jambo la kwanza alilotaka kujua lilimshangaza fundi wake: namna ya kushona nguo yenye mishono kwa nje, na mfuko kwa nje vilevile. Lebo hakuna, mpira wa kiunoni hakuna, na kwa ndani iwe laini kama tumbo la paka. Nguo ya namna hiyo huikuti dukani. Hata nguo iliyogeuzwa kwa bahati mbaya haifanani nayo, kwa sababu mfuko wake hauonekani.

Na kwa nini mtoto wa umri wa shule alikuwa amekaa kibandani siku ya shule? Hapo ndipo penye kisa.

Darasani kulikuwa na binti wa fundi redio, mwenye ulimi mkali kama wembe mpya. Siku moja alimuuliza Bibi Pamba, mbele ya wote, "Mko wangapi nyinyi wa namna hiyo?"

"Wengi," akajibu.

"Nionyeshe mmoja."

Bibi Pamba, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikosa. Alirudi nyumbani akavua viatu vyake vya kitambaa, akavipanga ukutani vizuri, akatangaza: "Siendi tena mpaka nimwone mwenzangu. Mmoja tu. Kama kweli wapo, nionyesheni."

Mama alibembeleza, mwalimu alikuja mpaka nyumbani, wapi! Muuguzi wa kliniki alisema yupo mtoto mwingine, anatoka mbali, ila haji siku moja na wao, na habari za mgonjwa hawezi kuzitoa.

"Kama majini tu," Bibi Pamba akasema. "Wapo, ila huwaoni."

Kimya alikuwa hapati usingizi kwa jambo hilo. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa muda kidogo tu, amsaidie Mama na mtoto mchanga. Ule muda kidogo ulikuwa haujaisha mpaka leo. Alijua jinsi unavyoanza: viatu vinapangwa ukutani, wiki inapita, vinaingia vumbi.

Sasa asubuhi hiyo alikuwa anamalizia gauni jipya la mdogo wake, pindo tu lilibaki. Uzi ulikatika. Akauinua mkono kuelekea mwanga wa njiani ili atunge sindano upya, na kupitia juu ya tundu la sindano akaona mgongo wa mwanamke.

Mwanamke yule alikuwa amebeba mtoto wa kiume ubavuni. Mkono wake haukuwa kwapani kwa mtoto. Ulikuwa chini ya makalio, kiganja wazi, kama mtu anayebeba sinia la mayai, na katikati yao palikuwa na shuka lililokunjwa. Mtoto alivaa shati la buluu. Mshono wake ulishuka begani mpaka mkononi, kwa nje, wazi kabisa. Basi ni shati limegeuzwa, mtu angesema. Lakini mtoto alijigeuza kutazama nyuma, na kifuani pake palikuwa na mfuko.

Mishono nje, mfuko nje.

Kimya alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka. Alifungua mdomo aite. Hakikutoka kitu. Mwanamke akamezwa na watu kwenye kona ya wauza ndoo, akielekea kituo cha mabasi.

"Dada, vipi? Umeona nyoka?"

"Mtoto," Kimya akasema.

"Mtoto gani?"

"Mishono nje. Mfuko nje."

Bibi Pamba aliinuka kitini. Macho yalimtoka. "Muongo! Yuko wapi? Twende!"

Wote wawili wakaitazama njia. Saa hiyo soko lilikuwa limejaa, viwiko na vikapu na magunia yanapita begani kwa watu. Kwa Bibi Pamba, kuingia mle ilikuwa sawa na kupita kwenye miba. Alirudi nyuma hatua moja.

"Basi kimbia wewe," akasema. "Kimbia, Dada! Na usirudi bila yeye!"

"Nenda, nenda!" Mama Vifungo naye akadakia. "Huyu ninaye mimi. Simgusi, namwangalia tu!"

Kimya akatoka mbio.

Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Gauni jipya lilikuwa begani, sindano imechomekwa kwenye pindo, tepu ya kupimia ikipeperuka shingoni. Aliruka beseni la samaki, akaomba radhi kwa beseni, akapinda kwenye ndoo. Buluu! Pale mbele, shati la buluu, mishono nje! Akakaza mwendo, akafika, akamzunguka mtoto amwone kifuani. Mfuko hakuna. Badala yake lebo ilikuwa imetokeza kidevuni.

"Kuna nini, dada?" baba wa mtoto akauliza, kisha akafuata macho yake. "Lo! Nimemvalisha ndani nje! Mama yake akiniona leo nimekwisha!"

Kimya alikuwa ameshamwacha. Alisimama juu ya ngazi ya duka la mchele, akanyoosha shingo. Hapo akamwona, mbali, karibu na lango la kituo: mkono wa sinia la mayai, shuka, kichwa kidogo kinachochungulia nyuma. Akaruka ngazi.

Njiani alikutana na Breki, msukuma mkokoteni, bwana mwenye kifua kipana aliyeitwa hivyo kwa sababu mkokoteni wake haukuwa na breki.

"Dada Kimya! Unakimbia? Kuna nini?"

Kimya hakuwa na pumzi ya kumweleza. Hata angekuwa nayo, angeanzia wapi? Alinyoosha kidole mbele tu, akaendelea kukimbia.

Hilo ndilo kosa alilofanya, na lilikuwa kosa la mtu asiyesema. Kwa sababu Breki alijiuliza kama angejiuliza mtu yeyote wa soko lile: binti huyu hana ugomvi na mtu, hana haraka, hajawahi kumsumbua hata inzi. Leo anakimbia roho mkononi na anaonyesha kidole. Maana yake ni moja.

"Kimya kaibiwa!" Breki akanguruma, akaacha mkokoteni katikati ya njia. "Yule pale, mwenye mtoto! Mshikeni!"

"Mshikeni!" wakaitikia wauza ndoo.

"Nani? Yupi?"

"Mwenye mtoto! Anakimbilia basi!"

Kimya akasikia miguu nyuma yake, kisha ubavuni, kisha mbele. Wakampita. Wapagazi, wauza maji, jamaa mmoja mwenye kuku mkononi, wote walikuwa wanamsaidia, wote walikuwa na hasira kwa niaba yake. Mwanamke kule langoni akageuka, akaona watu wanamjia, akamkumbatia mwanawe bila kumbana na kuanza kurudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye basi. Mkono wa mtu ukanyooshwa kwenye bega lake. Mkono mwingine, mkubwa, mgumu kwa kusukuma mizigo, ukaenda kwenye mkono wa mtoto, vidole vimeshafunguka ili vishike.

Kimya aliyaona malengelenge kabla hayajatoka. Aliuona mkono ule mdogo umeshikwa na kuvutwa, na kile kitakachobaki kiganjani mwa mshikaji.

"MSIMGUSE!"

Ilikuwa sauti ya nani ile? Hata mwenyewe hakuijua. Ilipasua kituo kutoka langoni hadi kwenye choo cha abiria. Honi zilinyamaza. Kuku alinyamaza. Mkono wa Breki uliganda hewani, karibu na ngozi ya mtoto kiasi cha unene wa kitambaa.

"Msimguse mtoto! Ngozi yake inatoka! Si mwizi, hajaniibia kitu! Rudini nyuma! Wewe wa kuku, rudi nyuma! Breki, shusha mkono, polepole, hivyo hivyo! Rudini!"

Wakarudi. Nani angebaki? Watu waliokuwa hawajawahi kusikia sentensi nzima kutoka kwake walirudi nyuma wakikanyagana. Pakabaki duara tupu, na ndani yake wanawake wawili na mtoto.

Mwanamke alikuwa bado ameegemea basi. Lakini neno lake la kwanza halikuwa la matusi, wala la kujitetea.

"Umejuaje?" akauliza. "Umejuaje kwamba ngozi yake inatoka?"

Na sasa, bila shaka, ile sauti ikaondoka. Kimya akachomoa sindano kwenye pindo. Akatoa gauni begani na kumpa.

Mwanamke akalipokea kwa mkono mmoja. Mtu mwingine angelitazama kwa nje. Yeye aliligeuza akatazama ndani, akapitisha kidole gumba kutoka kwapani hadi pindoni, polepole, akitafuta mahali pa kukwaruza. Hakupata. Akaligeuza nje, akaona mishono, akaona mfuko, akamrudishia.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"La nani?"

"La mdogo wangu. Yuko pale sokoni. Yuko kama huyu."

Mwanamke akakaa kitako juu ya begi lake, mtoto mapajani. "Sema tena."

"Yuko kama huyu."

"Hebu sema tena, mdogo wangu, sema!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Mimi nashona kwa mkono. Kwanza niligeuza tu, vifungo vikamla kifuani. Nikasema basi, na vifungo vitoke, na mfuko utoke, kila kitu kitoke nje! Mama mkwe akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nami nilidhani niko peke yangu kwenye wazimu huu!"

"Mama," mtoto akasema, "yuko wapi huyo mwingine?"

Alikuwa mdogo kuliko Bibi Pamba, mwenye macho ya udadisi na bendeji mikononi hadi kwenye vidole. Mama yake alimwita Rubani, kwa sababu safari zake zote alizifanya akiwa juu, amebebwa.

Lakini basi likapiga honi. Kondakta, kijana mrefu mwenye filimbi, akapiga ubavu wa basi kwa kofi. "Mama wa kiti cha mbele! Tunaondoka!"

Mwanamke akamtazama Kimya. Walikuwa wametoka kliniki, akasema haraka haraka, kwao ni mbali, basi lingine ni kesho, na nyayo za mtoto zina vidonda vibichi, hawezi kurudi naye kwenye ule msongamano. Akauma mdomo. "Yule wako anaweza kuja?"

"Kwenye watu hivi, hawezi."

"Atakuja!" Ilikuwa sauti ya Breki. Alikuwa amesimama kando, mikono ameificha nyuma kama mwanafunzi aliyevunja kioo. "Mimi ndiye niliyeharibu. Nitamleta kwa mkokoteni."

Kimya alikijua kile chombo. Kilikuwa kinatikisa hata mawe. Akavuta pumzi, na maneno yakaja yenyewe, yamejipanga.

"Sikiliza. Chini ya meza yangu kuna gunia la mabaki ya vitambaa. Limwage lote, tandaza, juu yake weka mto wa kiti chake. Usimwinue wewe. Apande mwenyewe, akanyage kigoda. Asishike mbao, ashike kitambaa. Na usikimbie."

"Sawa, mkuu."

"Breki."

"Naam?"

"Kimbia kwenda. Kurudi ndiyo usikimbie."

Breki akapotea. Kimya akamgeukia kondakta, ambaye alikuwa na filimbi mdomoni tayari.

"Kaka, tusubirie kidogo."

"Dada yangu, basi halina mjomba wala shangazi. Wakati wake ukifika linaondoka."

"Wakati wake!" bibi mmoja akapayuka kutoka dirishani. "Mimi nimekaa humu tangu alfajiri nikisubiri wewe ujaze viti! Sasa na wewe subiri uone utamu wake!"

Basi zima likaangua kicheko. Abiria mmoja akashuka, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kusema anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Wale watu waliokuja kukamata mwizi nao hawakuondoka. Aibu iliwageuka kuwa kazi. Mwuza ndoo mmoja alianza, akasimama pembeni mwa njia, mikono nyuma, akawaambia waliokuwa jirani yake wafanye vilevile. Muda si muda ikawepo njia nyeupe kutoka langoni mpaka ndani ya soko, na kuta zake zilikuwa watu wenye mikono nyuma, vikapu wameviweka chini, hata yule wa kuku amembana kuku wake katikati ya magoti apate kuweka mikono nyuma, jambo ambalo kuku hakulipenda.

Kabla hawajamwona walimsikia.

"Polepole, wewe! Mimi si viazi! Hapo kuna shimo, zunguka! Zunguka, nimesema! Haya, nyoosha!"

Mkokoteni ulitokeza. Juu yake kulikuwa na kichuguu cha vitambaa vya maua, vya mistari, vya hariri, na juu ya kichuguu mto, na juu ya mto Bibi Pamba mwenyewe, kidevu juu. Breki alikuwa anasukuma kwa ncha za vidole, jasho likimtiririka, na nyuma yake Mama Vifungo alikuwa anahema na kuzuia mkokoteni kwa mkia wa kanga yake.

"Ndiyo breki mimi!" akapiga kelele. "Leo kapata breki!"

Mkokoteni ukasimama ndani ya duara. Mama wa Rubani akausogelea mpaka watoto wakawa uso kwa uso.

Bibi Pamba akamkagua Rubani kuanzia kichwani. Mishono. Mfuko. Bendeji. Viatu vya kitambaa, soli za sponji. Rubani naye akamkagua vivyo hivyo. Kisha, kwa wakati mmoja, bila kuambizana, kila mmoja akanyoosha mkono akiwa ameugeuza, nyuma ya kiganja mbele, kwa sababu kiganja kina vidonda, jambo ambalo watu wazima hawalielewi. Migongo ya mikono ikagusana kidogo tu.

"Wanakutoboa kwa sindano?" Bibi Pamba akauliza.

"Eeh."

"Unalia?"

"Silii."

"Muongo."

Rubani akafikiri. "Kidogo. Wakibandua bendeji iliyokauka."

"Usikubali waibandue ikavu. Waambie walowanishe kwanza kwa maji ya vuguvugu. Mama, umesikia?"

"Nimesikia, bibi," mama wa Rubani akajibu kwa adabu.

"Na wewe chakula kikavu kinakukwaruza kooni?"

"Kinakwaruza! Mkate siwezi."

"Sisi Mama anafanya kazi kwenye mikate na mimi siwezi kula mkate!" Bibi Pamba akasema, na hilo likawa jambo la kuchekesha kuliko yote duniani. Walicheka mpaka Rubani akashika tumbo, wakacheka tena walipotazamana, na watu wazima, ambao hawakuelewa cha kuchekesha ni nini hasa, wakacheka nao.

"Kwetu wananiuliza tuko wangapi," Rubani akasema.

Bibi Pamba akaacha kucheka. "Na wewe unasemaje?"

"Nasema wengi."

"Halafu?"

"Halafu wanasema nionyeshe mmoja."

Bibi Pamba akamgeukia dada yake. Kimya alikuwa hajawahi kuuona uso ule. Ulikuwa kama dirisha lililofunguliwa kwa teke.

"Picha!" Bibi Pamba akaamuru. "Nani ana simu nzuri? Wewe mwenye filimbi! Shuka, utupige picha. Mifuko ionekane!"

Na kondakta, ambaye basi lake halina mjomba wala shangazi, akashuka, akapiga magoti vumbini, akapiga picha nyingi, akazituma kwenye simu ya Kimya na ya mama wa Rubani. Kimya akaandika namba ya simu kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa cheusi, na mama wa Rubani akaandika yake kwenye kingine, akaahidi kumwomba muuguzi abadilishiwe siku ya kliniki iwe moja na yao. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikuwa na nafasi, aliegemeza kichwa chake kwenye bega la Kimya, pale gauni lilipokuwa.

"Lichukue," Kimya akamwambia, akimrudishia gauni. "Ni la kike, lakini lifumue uone nilivyolaza mishono. Utaweza."

Filimbi ikalia. Abiria wa ndala akamaliza kufunga kamba zake. Basi likaondoka taratibu, na dirishani mgongo wa mkono mdogo ulikuwa umewekwa kwenye kioo, na bibi wa dirisha la nyuma alikuwa anauliza kila mtu kama wameona, wameona?

Kimya alipompigia Mama kiwandani, mashine za mkate zilikuwa zinanguruma. "Mama! Tumempata!" akapaza sauti. "Mwenzake! Mishono nje, mfuko nje!"

Mama akauliza, "Nani anaongea?"

"Mimi!"

"Wewe? Kwa sauti hiyo?" Halafu akaanza kulia, na wanawake wa kiwandani wakasikika wakiuliza nani kafa, naye akiwajibu hakuna, hakuna, jamani, ni furaha.

Walirudi kibandani kwa mkokoteni. Bibi Pamba alikaa kimya njia yote, jambo lililomtia Breki wasiwasi mpaka akauliza kama ameumia.

"Nafikiri," akajibiwa. Walipofika akasema, "Dada, gauni langu umeligawa."

"Nitakushonea jingine."

"Sitaki gauni. Nataka sare. Ile ya zamani inanibana. Yule binti wa fundi redio atasema picha imetengenezwa, nitampigia Rubani aongee naye. Akisema na sauti imetengenezwa, nitampeleka kliniki aone mwenyewe. Lakini siwezi kubishana na mtu nikiwa nimevaa sare inayonibana." Akakaa vizuri kwenye mto wake. "Iwe tayari kesho asubuhi. Mfuko mkubwa, nje, picha ikisafishwa iingie."

Kimya akatandaza kitambaa cha sare mezani. Chaki ikapita, mkasi ukafuata. Cherehani ikaanza kuimba kama haijawahi kutiwa mafuta mazuri hivyo, na shati la shule likaanza kupata mabega, mishono ikiwa juu, imelala vizuri, imenyooka.

Bwana mmoja mwenye mfuko wa makaratasi akasimama. Akatazama shati, akatazama mtoto, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Fundi, samahani, hilo shati unalishona ndani nje."

Bibi Pamba alishafungua mdomo. Mama Vifungo alishashika mbavu tayari.

"Hapana, kaka," Kimya akasema, kwa sauti iliyokauka kwa kupiga kelele lakini iliyofika ng'ambo ya njia bila shida. "Ndivyo lilivyo. Wapo watoto wanaolihitaji hivi. Karibu ukae, nikueleze."